Mgeni Aliyepitia Jikoni kwa Mama

Saa tatu na robo asubuhi kuku aliingia darasani, na Lorna Nyanchera akajua kwamba Mungu ameamua kumcheka.

Si kwamba kuku ni mgeni katika chekechea za Manga. Kuku wa huku wana uhuru kuliko walimu. Lakini kwa nini leo? Miaka minne alikuwa akisoma digrii ya elimu ya watoto wadogo kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Asubuhi alikuwa mwalimu, jioni mwanafunzi, na likizo zilipofika, wenzake wakienda kutembelea shangazi zao, yeye aliteremka Kisii mjini kukaa kwenye viti vya chuo. Leo ndiyo ilikuwa ziara ya tatu na ya mwisho ya mkaguzi wa mazoezi ya kufundisha. Akipita, Desemba anavaa joho. Akianguka, anarudia muhula mzima, na mama yake alikwisha kumwambia waziwazi kwamba hatavumilia muhula mwingine hata mmoja.

Mkaguzi mwenyewe alikuwa amekwisha keti. Dakta Persis Anyona, mwanamke mrefu, miwani puani, faili la kijani mapajani. Alikuwa ametokea bila taarifa, kama kanuni za chuo zilivyotaka, akasema, "Endelea tu, Mwalimu. Jifanye kama sipo," kisha akajikalia nyuma ya darasa. Haya, nani anaweza kujifanya kwamba mtu wa namna hiyo hayupo?

Na kando yake, kwenye kiti cha mtoto wa miaka minne, magoti yakikaribia kidevu, alikuwa Nyangau.

Nyangau alikuwa na sababu halali ya kuwepo, tafadhali msianze. Kila mwanafunzi wa masomo yale alitakiwa amtazame mwenzake akifundisha, kisha ajaze fomu. Shule yake ya Mosocho ilikuwa imefunga nusu muhula, basi akapanda mlima kuja kujaza fomu. Lorna alikuwa na wanafunzi wenzake arobaini wa kuchagua mtazamaji kati yao. Akamchagua yeye. Mimi sisemi kitu.

Kuku akaruka mezani, akatulia juu ya boksi la vifuniko vya soda. Vifuniko vyenyewe ndivyo vilikuwa somo: kuhesabu moja hadi tano. Watoto ishirini na sita wakainuka kwa kelele moja.

"Ticha, kuku!"

"Ticha, atakunya!"

Kijasho chembamba kikamtoka Lorna. Andalio lake la somo, kurasa tatu alizoandika upya mara nne, halikuwa na neno lolote kuhusu kuku. Akamtupia jicho Nyangau. Mtazamaji haruhusiwi kusema kitu, na hakusema. Macho yake tu yalikwenda kwa kuku, yakarudi kwa Lorna, na tabasamu likamchezea pembeni mwa mdomo. Lorna akakumbuka jioni moja, sauti hiyohiyo ikimwambia kwenye simu: "Mtoto akishangaa kitu, fundisha hicho hicho. Vingine vitangoja."

Akavuta pumzi.

"Watoto, tumepata mgeni! Mgeni anakaribishwaje?"

"Bwakire!" wakamsalimu kuku kwa Ekegusii, wote kwa pamoja.

"Sasa tumwangalie bila kumgusa. Nani ataniambia mgeni wetu ana miguu mingapi?"

"Miwili!"

"Na vidole vya mbele, mguu mmoja?"

Watoto ishirini na sita wakainama, shingo zimenyooka. Kuku naye, kama aliyelipwa, akainua mguu mmoja.

"Tatu!"

"Na kile cha nyuma?"

"Nne, Ticha! Ziko nne!"

Nusu saa ikapita Lorna asijue imekwenda wapi. Walihesabu vidole vya kuku, wakahesabu vya kwao, wakavipanga vifuniko sakafuni kuwa nyayo za kuku, na Kwamboka, mtoto wa kaka yake Lorna ambaye kwa kawaida huzungumza na nyanya yake peke yake, akasema kwa sauti kwamba binadamu amemshinda kuku kwa kidole kimoja. Dakta Persis aliandika, akaandika, akaandika. Uso wake haukusema lolote.

Kengele ya uji ikalia saa nne. Nyangau akajinasua kutoka kwenye kile kiti, akakusanya watoto mlangoni.

"Acha mimi niwanaweshe na kuwapa uji," akamwambia Lorna kwa sauti ya chini. "Wewe kaa na Daktari."

"Nimefanyaje?"

"Umeweza, Lorna. Wacha tu. Umeweza mpaka nimesahau kujaza fomu yangu."

Akampita, na mlango wa chekechea si mpana. Bega lake likamgusa begani. Ilikuwa nukta moja tu, lakini Lorna aliisikia hadi kwenye nyayo.

Alimpenda. Basi, nimesema, yaishe. Alimpenda tangu likizo ya Aprili miaka mitatu nyuma, ukumbini kule chuoni, wanawake thelathini na tisa na wanaume wawili. Mhadhiri aliwataka waimbe wimbo wa watoto kwa vitendo. Yule mwanamume mwingine akatoka nje kupokea simu ambayo haikulia. Nyangau akasimama. Mtu wa kimo cha mlango, mabega ya kubebea simenti, akaweka vidole viwili kichwani akawa sungura, akauruka ukumbi mzima bila haya wala kucheka. Lorna alicheka mpaka akalia, na alipojifuta machozi akakuta moyo wake haupo mahali alipouacha.

Tangu hapo wakawa kundi moja la kazi za chuo. Kila jioni simu. Makuzi ya mtoto, lishe, michezo, sheria za kulinda watoto. Miaka mitatu ya simu, na katika miaka hiyo Nyangau hakuwahi kutamka neno moja la mapenzi. Aliuliza kama amekula. Aliuliza kama ile homa imepungua. Alimtumia sauti yake akisoma sura nzima ya kitabu, siku ile kioo cha simu ya Lorna kilipozidi kupasuka akawa haoni maandishi. Lakini neno lenyewe, hapana. Na binti wa Kigusii hajichumbii mwenyewe.

Mama yake, Roda, shemasi wa kanisa la Sabato pale Manga, hakuhitaji neno. Dalili ya mvua ni mawingu. Alimsikia bintiye akicheka na ukuta kila jioni, akauliza ni nani, akaambiwa, na tangu siku hiyo akawa na mashtaka matatu. La kwanza, huyo kijana ni wa chekechea. La pili, huyo kijana ni wa chekechea. La tatu, ni Mkatoliki.

"Mwanamume anafuta makamasi ya watoto wa watu!" alikuwa akisema huku akimenya ndizi kwa hasira. "Alikuwa na kazi ya maana Ogembo, anauza simenti, mabati, misumari. Akaacha! Akaenda kuimba 'sungura sungura'! Akileta mtu hapa kukuuliza, ataniona."

"Mama, hakuna mtu analeta mtu."

"Ataniona!"

Sasa Lorna alikaa mbele ya Dakta Persis, kila mmoja kwenye kiti cha mtoto. Nje, chini ya dirisha, sauti ya Nyangau iliwapanga watoto mstari wa kunawa.

"Mwalimu Nyanchera," Dakta Persis akaanza, akivua miwani. "Nimekagua walimu wanafunzi miaka kumi na tisa. Sijawahi kuona mtu akifundisha kwa kuku. Upande wa somo sina cha kukuambia ila hongera."

Moyo wa Lorna ukaruka. "Asante, Daktari! Asante sana!"

"Ngoja. Usinishukuru bado." Akafungua faili ukurasa wa mwisho. "Fomu ina sehemu ya uhusiano na jamii. Mimi huwa nauliza watu kabla ya kufika shuleni. Leo mwenye boda aliponisikia namuuliza Mwalimu Lorna, akanipeleka kwenu nyumbani moja kwa moja. Nikamkuta mama yako jikoni."

"Mama?"

"Amenikarimu, kwa kweli. Chai, ndizi za kuchemsha. Nikamuuliza kama ninavyouliza wazazi wote: binti yako ni mtu wa namna gani, ana subira, anapatana vipi na watoto, majirani wanamwonaje. Nikaandika aliyosema." Akashusha pumzi. "Nikusomee?"

"Nisomee."

"'Mvivu wa kuamka. Akishika mtoto, mtoto analia. Ana hasira za karibu. Majirani wamechoka naye. Hajui kupika obokima, ugali wake unaiva upande mmoja.' Kupika sikumuuliza, alinieleza mwenyewe. 'Halafu anakoroma.' Hapo pa kukoroma sikujua niandike sehemu gani ya fomu."

Mama? Mama huyu ambaye kanisani anamwita "ticha wangu"? Mama ambaye hajawahi kumsema vibaya kwa mgeni hata siku alipovunja chungu cha bibi?

Kisha akaelewa, na kuelewa kwenyewe kukawa kubaya kuliko kutoelewa.

Mwanamke mwenye heshima zake, kavaa vizuri, anafika asubuhi bila taarifa. Anakaa, anakunywa chai polepole, anauliza kuhusu binti wa nyumba: tabia yake, subira yake, majirani wanasemaje. Katika ardhi yote ya Abagusii kuna mtu mmoja tu anayefanya hivyo. Anaitwa esigani, mshenga, yule anayetumwa na upande wa mwanamume kumchunguza binti kabla ya mazungumzo ya ng'ombe wa mahari kuanza. Mama alikuwa amemngoja esigani wa Nyangau kwa mwezi mzima, na leo aliamini amempata. Akamfukuza kwa njia ya kistaarabu kuliko zote: akampa chai, kisha akamharibia bidhaa.

"Mwalimu," Dakta Persis alisema, taratibu. "Niliyoyasikia na niliyoyaona hayapatani. Mtu wa hasira za karibu angemfukuza yule kuku kwa ufagio. Lakini siwezi kufuta ushahidi wa mzazi kwa sababu tu nimekupenda. Nikiupeleka hivi, chuo kitaagiza urudie muhula. Nipe sababu. Kwa nini mama yako mzazi aseme haya?"

Lorna akafungua mdomo. Kutoka dirishani ikaja sauti ya Nyangau: "Kwamboka, polepole, ni moto. Puliza. Ndiyo hivyo."

Alikuwa hatua tatu tu kutoka walipoketi. Kila neno angelisikia. Na Lorna angesema nini? Kwamba mama amedhani yule mwanamume pale nje ametuma posa? Mwanamume ambaye hajawahi kusema anamtaka? Angesikia, angekuja na uso wa huruma, angesema kwa upole wake kwamba kumbe kulikuwa na kutoelewana. Lorna aliona afadhali ardhi ya Manga yote iporomoke.

"Daktari, ni... ni mambo ya nyumbani."

"Mambo ya nyumbani gani?"

"Siwezi kuyasema."

"Hata kama utarudia muhula?"

Machozi yalikuwa yakimchoma. Miaka minne! Akamtazama mkaguzi usoni, na kiburi cha kijinga, kiburi ambacho mapenzi tu yanaweza kumpa mtu mwenye akili timamu, kikamjibia: "Hata kama nitarudia."

Dakta Persis akamwangalia kwa muda mrefu. Kisha, bila furaha, akachukua kalamu.

Hapo ndipo kilio kikasikika kutoka kwenye njia ya miguu.

"Simama! Mwalimu mkubwa, simama, usiandike!"

Alikuwa Roda. Alipanda ule mlima mbio, leso imemteleza begani, kandambili moja mguuni na nyingine mkononi, matope hadi magotini. Ishmael mwenye boda ndiye aliyerudi kwake kunywa maji, akamwambia kwa furaha kwamba yule mama aliyempeleka ni asesa, mkaguzi wa chuo, amekuja kumpa Lorna alama za mwisho. Maji yenyewe hakupewa.

Akafika uani akihema. Na hapo, pamoja na haraka yake yote, akasimama.

Kwamboka alikuwa ameketi kwenye ngazi, kikombe kimemfunika uso, akinywa uji. Mbele yake alichutama Nyangau, jagi mkononi, shati limelowa, mtoto mwingine amemning'inia shingoni. Kwamboka akashusha kikombe, akajifuta sharubu za uji, akasema, "Nyanya, nimemaliza viwili."

Roda akamtazama Nyangau kuanzia viatu hadi nywele. Kisha akakumbuka kilichomleta, akaingia darasani.

"Futa!" akamwambia Dakta Persis. "Futa yote! Ni uongo, mwalimu mkubwa. Yote nimesema ni uongo. Mimi shemasi, nimesema uongo, na Sabato iko mlangoni!"

"Mama, keti kwanza," Lorna akamsihi.

"Sikai! Mimi nimekuua, mwanangu. Nimekuua na ndizi zangu."

"Mama," Dakta Persis akasema, "mimi nataka kujua jambo moja tu. Kwa nini ulinidanganya?"

"Nilidhani wewe ni esigani!"

"Esigani?" Dakta Persis, msomi mzima, alianza kuinua mkono kufunika mdomo. "Mimi? Nimetumwa na nani?"

"Mama, tafadhali," Lorna akanong'ona. "Tafadhali, usiseme..."

Lakini Roda alikwisha geuka, na kandambili iliyokuwa mkononi ikanyooka kama kidole cha hakimu kuelekea mlangoni, aliposimama Nyangau na jagi lake.

"Na huyu!"

Hata kuku alinyamaza. Lorna alitazama sakafu, vile vifuniko vya soda vilivyopangwa kuwa nyayo, akatamani kuwa kimojawapo. Uso ulimwaka.

"Mama," Nyangau akasema hatimaye. Sauti yake ilikuwa nzito. "Mimi sijatuma mtu."

Basi. Ndilo alilokuwa akiliogopa, na limekuja kwa upole uleule aliojua litakuja nao. Lorna akainama, akaanza kuokota vifuniko. Kimoja. Viwili.

"Sijatuma," Nyangau akaendelea, "kwa sababu esigani hutumwa kwa mtu usiyemjua. Angekuja kuuliza nini? Kama ana subira? Mimi nimemsikia akimweleza mtoto mmoja herufi moja mara kumi na nne. Nilihesabu. Kama ni mvivu? Kuna jioni ametoka kuchuma chai, ameosha vyombo vyenu, akaniambia, 'Nyangau, tuanze sura ya tano.' Akichoka, sauti yake inashuka. Akikasirika, anasema 'sawa' mara mbili. Mimi namjua, Mama. Sihitaji kuulizia."

Kifuniko kikamtoka Lorna mkononi, kikabingirika hadi kwenye kiatu cha Dakta Persis.

"Miaka mitatu," Lorna akasema bila kuinua kichwa. "Miaka mitatu, na hukusema neno."

"Nilisema kila siku. Nilikuuliza kama umekula."

"Hilo si neno!"

"Ndilo nililokuwa nalo." Akaliweka jagi chini. "Nilijiambia amalize kwanza. Nikisema sasa nitamvuruga kichwa, na hii digrii ameitafuta kwa shida. Nilikuwa nangoja leo ipite. Kadhalika niliogopa. Nilijua Mama ananionaje."

"Nakuonaje?" Roda akafoka, lakini ule moto wa kwanza ulikuwa umepungua. "Kijana, niambie mimi ukweli. Mtu mzima na nguvu zake anaacha duka la simenti, anaenda kuimbia watoto. Watu watasema nini? Watasema mkwe wa Roda anafuta makamasi!"

"Watasema kweli, Mama. Nafuta makamasi. Leo tu nimefuta ya watoto tisa."

Dakta Persis akakohoa kohozi lisilokuwepo.

"Dukani Ogembo," Nyangau akasema, "nilikuwa na mpwa wangu wa miaka mitano. Siku moja akasoma neno lake la kwanza kwenye gunia la simenti. Herufi moja moja, na kidole. Alipolipata lote alipiga kelele mpaka wateja wakageuka. Mama, nimeuza simenti miaka sita, sijawahi kusikia furaha ile. Wiki hiyohiyo nikatafuta chuo kinachopokea mtu aliye kazini, anayesoma jioni na likizo. Nikachekwa. Lakini sijajuta hata siku moja. Na ukumbini siku ya kwanza nikamkuta huyu."

Roda alikwenda hadi mlangoni, akachungulia nje, akamtazama Kwamboka aliyekuwa sasa akimfundisha mwenzake kuhesabu vidole.

"Viwili?" akauliza. "Amekunywa viwili kweli?"

"Viwili, Mama."

"Na mimi ananinyima. Kwangu ni nusu, tena kwa kubembelezwa." Akasimama hapo akiwapa mgongo, akiivaa ile kandambili yake taratibu. Alipogeuka macho yake yalikuwa na maji. "Mwalimu mkubwa, shika kalamu."

"Nimeshika."

"Andika, anaamka kabla ya jogoo. Andika, watoto wa majirani wanakuja kwangu Jumapili kumtafuta, mpaka nawafukuza. Obokima anapika vizuri kuliko mimi, na hiyo usimwambie mtu." Akajifuta macho kwa leso. "Mimi nilimwambia aache hii masomo ya simu. Mwaka wa kwanza nilimwambia, wa pili nilimwambia, mwaka jana nilimficha chaja. Hakuacha. Na hakunijibu vibaya hata siku moja. Unaniuliza kama ana subira? Andika hiyo."

Lorna akasimama, akamkimbilia. Walikumbatiana matope na yote, mama akisema maneno ya Ekegusii ambayo hayahitaji kutafsiriwa, akimpapasa mgongo alivyokuwa akimpapasa utotoni.

"Na kukoroma?" Dakta Persis akauliza, kalamu hewani. "Nikufute nako?"

"Hapo," Roda akasema, "sikudanganya."

"Ni kweli anakoroma," Nyangau akaunga mkono.

Vichwa vitatu vikamgeukia. Roda akaanza kuivua tena ile kandambili.

"Kwenye simu, Mama! Alilala tukisoma sheria za watoto! Kwenye simu tu, naapa!"

Hapo Dakta Persis Anyona, miaka kumi na tisa ya ukaguzi, akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Akaifuta, akapiga mstari ukurasa wa mwisho, akaandika upya, akatia sahihi, na kuigeuza fomu ili Lorna aione. Amefaulu. Neno moja, wino wa bluu, na miaka minne ndani yake. Lorna alilisoma mara mbili kisha herufi zikamezwa na machozi.

"Lorna." Nyangau alikuwa amesogea. Mwanamume yule aliyeruka ukumbini bila haya sasa hakujua mikono yake aiweke wapi. "Leo imepita. Sasa nakuuliza wewe, kabla sijamtuma mtu yeyote. Nitume?"

Akataka kujibu. Alilitayarisha jibu hilo kwa miaka mitatu, kwa namna nyingi nzuri. Lakini machozi yakaja kwa nguvu mpya, akabaki akilia mbele ya watu wote, kichwa kikitikisika, wasijue ni ndiyo au ni siyo.

Watoto walikuwa wamejazana mlangoni. Kwamboka akapenya katikati ya miguu ya watu, akamtazama shangazi yake, kisha akamtazama Nyangau kwa ukali wa polisi.

"Ni wewe umefanya Ticha alie?"

"Ndiyo," Nyangau akakiri. "Ni mimi."

Katika chekechea ile kulikuwa na sheria moja ambayo hata mtoto wa siku ya kwanza aliijua. Ukimliza mwenzako, unasimama mbele yake, unamshika mkono, unasema pole. Naye anakujibu, "Nimekusamehe," na mambo yanakwisha hapo.

"Mshike mkono," Kwamboka akaamuru. "Useme."

Nyangau akamshika Lorna mkono. Mkono wa Nyangau ulikuwa na ubaridi wa maji ya kunawia.

"Pole, Ticha," akasema.

Watoto ishirini na sita wakamgeukia Lorna, wakingoja jibu wanalolijua. Roda naye akangoja. Dakta Persis akangoja, faili kifuani.

"Nimekubali," akasema Lorna.

Halikuwa jibu walilofundishwa, lakini watoto wakapiga makofi vilevile.